Jiwe la Ubavu

Jana, mdomo umejaa tortila,
uliniuliza jina lako lina maana gani.
Mwalimu kasema kila mtoto aje na maana yake
Jumatatu, kwenye karatasi, pamoja na mchoro.
Ximena keshapata ya kwake. Perla
hakuhitaji hata kuuliza: lulu ni lulu.

Ungeweza kuandika "jiwe la kijani, la thamani",
ukachora pete, ukapewa alama zote.
Ndivyo baba yako anavyowaambia watalii
wakishuka basi pale karakana, Río Hondo,
na hasemi uongo.

Ila jina lako, mwanangu, ni la maumivu.
Keti. Nitakueleza nikichambua maharage.

Wahispania walipofika huku waliwakuta watu
wakijibandika vijiwe vya kijani kiunoni,
dawa ya kichomi, dawa ya figo.
Jiwe lilikuwa na jina lake tayari,
tena zuri. Hawakuliuliza mara ya pili.
Waliandika walichokiona: piedra de ijada,
jiwe la ubavu,
la hapa, chini ya mbavu, penye nyama laini,
mahali farasi huchomwa ili akimbie.

Neno likapanda meli. Likafika kwa Wafaransa,
nao kwa haraka ya ulimi wakalila kichwa:
ile i ya mwanzo ikadondoka kama jino la utotoni.
Likarudi kwetu fupi, limevaa kofia ya ugenini,
na sisi tuliolizaa tukalikaribisha kama mgeni,
tukalitandikia.
Hata karani wa usajili aliinua kalamu:
"La kigeni hili? Linatamkwa kama kwenye tamthilia?"
"Hade," nikamjibu. "Kwa pumzi,
kama mtu anayepoza supu."

Hayo ni ya dunia. Sasa ya nyumba hii.

Usiku ule Motagua ulikuwa umefunika daraja
na mkunga, doña Tránsito, yuko ng'ambo.
Wewe ulilala vibaya, mgongo kwa mgongo wangu;
uchungu haukuja mbele, ulinikaa ubavuni
kama kisu ambacho mtu amekisahau.
Baba yako alikuwa amekata mawe kutwa,
kucha zake bado zina tope la msumeno.
Hakujua la kufanya. Alitoka mvuani, akarudi
na kokoto la mtoni, halijakatwa,
ganda la kahawia, baya kama kiazi,
akanibandika.

Nikuambie liliponya?
Halikuponya.
Nilimtukana yeye na jiwe lake na mama yake mzazi.
Lakini lilikuwa baridi. Baridi ile
iliteremka ndani polepole, ikanipa
kitu cha kuhesabu. Nikahesabu baridi,
moja, mbili, nikakosea, nikaanza upya.
Alfajiri jiwe lilikuwa na joto langu
na wewe ulikuwa unalia.

Bibi yako alinuna wiki mbili.
Jina gani hili, si la jadi, si la mtakatifu,
halimo hata kwenye kalenda ya duka la dawa!
Yeye aliyekojoa vijiwe vya figo miaka sita
hakujua kwamba wewe tu, katika ukoo mzima,
umeitwa kwa ugonjwa wake.

Jiwe lenyewe ndilo linalozuia mlango wa jikoni.
Hatujalikata. Eliseo hulipiga kwa kisigino cha nyundo,
hutega sikio, husema ndani kuna kijani.
Huenda.
Huenda ni kijivu hadi mwisho.

Basi andika utakavyo. Andika "thamani"
ukiogopa kuchekwa, sitakulaumu.
Lakini ukichora, usichore pete.
Chora mkono wenye tope
umeshika kitu kizito, kisichosaidia,
na haukiachi.

Lete kidole chako nikuonyeshe.
Si hapo.
Chini kidogo.